Jahazi lilipata 19, swali likapata 11

Assalaam alaykum Bi Mwalimu,

Shikamoo. Natumai hujambo na wa nyumbani hawajambo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili hapa Lamu mjini, mzaliwa wa Faza, kisiwani Pate, na huu ni mwaka wangu wa tatu kazini. Kuna jambo limenikaa kifuani wiki ya pili sasa. Kila nikitaka kumweleza mwalimu mwenzangu naona haya, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Kidato cha tatu nina wanafunzi 46. Muhula uliopita tulimaliza riwaya. Nasema tulimaliza, lakini wengi walimaliza mwongozo, si kitabu. Ukiwauliza sifa za mhusika mkuu, mikono inapanda na jibu linatoka limenyooka: ana utu, ana bidii, ana msimamo, kwa mpangilio ule ule wa mwongozo. Ukiwauliza, "Na wewe ungekuwa yeye usiku ule, ungefanya nini?" darasa zima linanyamaza, macho yote dirishani.

Nikaamua kubadilisha mambo. Nikawaambia muhula huu hakuna insha ya uhakiki. Kila mmoja alete kazi ya ubunifu inayotokana na riwaya: kibonzo, wimbo, mchezo, sanamu, shajara ya mhusika, chochote apendacho. Nikawapa wiki tatu.

Kazi zikaja mpaka meza yangu ikajaa. Kijana mmoja, mjomba wake ni fundi wa majahazi kule Matondoni, alileta jahazi la mbao lenye urefu wa mkono wangu, tanga la kitambaa cheupe, kamba zimefungwa moja moja. Walimu wote walikuja kulitazama. Nikampa 19 kwa 20. Bi Mwalimu, riwaya yetu haina bahari. Kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho ni bara tupu: shamba, mji mkubwa, hospitali, mahakama. Nililijua hilo wakati naandika ile 19, na bado niliiandika.

Siku hiyo hiyo binti mmoja mkimya, hukaa karibu na mlango, alileta karatasi mbili za daftari, mwandiko mdogo, bila picha. Alikuwa amegundua kwamba mama wa mhusika mkuu hatajwi kwa jina lake kitabu kizima. Anaitwa mama fulani, mke wa fulani, binti ya fulani. Hata mlinzi wa lango ana jina. Binti akauliza: je, hii ni heshima, kama tunavyowaheshimu mama zetu hapa kwa kutowataja majina, au mwandishi anatuonyesha kwamba mama huyu amefutwa? Hakutoa jibu moja. Nikampa 11, na pembeni nikaandika, "Hii ni insha. Niliomba ubunifu." Kengele ilipolia alinifuata akaniuliza, "Mwalimu, yangu ilikosa rangi?"

Sikuwa na la kumjibu, na hadi leo sina.

Yako na mengine. Kuna aliyeandika shajara ya mhusika kwa Kiamu, lahaja ya hapa Lamu, mato badala ya macho, ndiya badala ya njia, na mpaka sasa sijaisahihisha kwa sababu sijui niikate alama au niisifu. Wawili wameleta mashairi yanayofanana kama mapacha, na nashuku ni akili mnemba ya kwenye simu iliyotunga. Mama mmoja anayeuza mahamri alikuja hadi shuleni kulalamika kuwa manila, gundi na rangi vimemla pesa ya siku mbili. Na mkuu wa idara yangu ameniambia wazi: "Mtihani hauulizi sanamu. Rudi kwenye maswali na majibu."

Nirudi? Au kuna njia ya kumfanya mtoto abuni na bado awe amekisoma kitabu?

Mwalimu wa Langoni, Lamu


Wa alaykum salaam, mwanangu. Marahaba.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimesimama kwenye swali la yule binti. Nitaanza naye, mengine yatafuata.

Kesho ukifika shuleni mwite, usimwite mbele ya wenzake, umwambie neno hili moja: nilikosea. Usimzungukie kwa kumwambia kazi yake ilikuwa nzuri ila maagizo hakuyafuata. Maagizo yako ndiyo yaliyokuwa na kasoro, na yeye ndiye aliyefanya kile ulichokuwa unakitaka bila kujua namna ya kukiomba. Wewe ulitaka watoto waache kuimba mwongozo, wakutane na kitabu wao wenyewe. Katika 46, huyu amekutana nacho. Alichokiona hakimo katika mwongozo wowote, maana miongozo huorodhesha waliotajwa, na yeye amemwona asiyetajwa. Tena amemwona kwa macho ya Lamu. Mtoto aliyekulia pahali pengine huenda angesema haraka kwamba mama kakosa jina kwa sababu mwandishi anatetea wanawake, basi. Huyu wa kwetu anajua kwamba mlangoni kwao mtu akipaza sauti kumwita mamake kwa jina lake, huo ni utovu wa adabu. Kwa hiyo kwake kimya cha jina kina maana mbili zinazovutana, na amekataa kuiacha moja ili aonekane ana jibu. Nimefundisha fasihi miaka 31, Malindi na Lamu, na nakwambia kwa moyo mweupe, karatasi kama hizo mbili nimezipata mara chache mno.

Ukishamwomba radhi, mpe kazi ya kuendelea, ndiyo itakayomwonyesha kuwa umemsoma. Mwambie aangalie ni nani hasa anayemwita hivyo. Mtoto akisema "mama", hiyo ni heshima ya mtoto. Jirani akisema "mke wa fulani", hiyo ni desturi ya mtaa. Lakini msimulizi naye? Msimulizi si mwanawe, wala si jirani yake. Ikiwa msimulizi anawataja wengine wote kwa majina na huyu peke yake hamtaji, hapo kuna uamuzi wa mwandishi. Binti atenganishe sauti hizo tatu, aziweke na kurasa zake, halafu aone mizani inalalia wapi. Kisha, akipenda, na awe huru kukataa, amwandikie yule mama ukurasa mmoja ambamo anajitaja mwenyewe. Ni nani angemwambia jina lake? Wakati gani? Hapo atakuwa amebuni, na kila neno atakalolibuni litakuwa limetoka katika uchunguzi wake.

Umeona, mwanangu, tatizo lako halikuwa ubunifu. Ulidhani uchambuzi na ubunifu ni vyumba viwili, ukafunga kimoja ili ufungue kingine. Watoto wakatoka nje ya nyumba kabisa. Uliposema "chochote" uliwapa chombo bila nanga, na chombo bila nanga hupelekwa na upepo. Wengine upepo uliwapeleka kwenye rangi, mmoja ukampeleka Matondoni.

Nanga ipo, tena ni ya kwenu. Mtu wa Faza hana haja ya kuambiwa takhmisi ni nini, lakini nitaieleza kwa ajili ya wasomaji wengine. Mshairi huchukua utungo wa mwenzake aliyemtangulia, akaacha mistari miwili ya mwenzake ilivyo, na juu yake akaongeza mitatu yake mwenyewe, yenye vina vinavyooana na mstari wa kwanza wa mwenziwe. Inakuwa mitano, na hilo ndilo jina lenyewe, maana khamsa kwa Kiarabu ni tano. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate aliutia takhmisi utungo unaonasibishwa na Fumo Liyongo. Hakuufafanua kwa orodha ya maudhui, na hakuuacha akatunga jambo lake la mbali. Aliingia ndani yake, akasema yake, kisha akamwachia mwenye utungo amalize. Kwa karne nyingi watu wa visiwa hivi wamekuwa wakiyaitika maandishi kwa maandishi, na kanuni ilikuwa hiyo: maneno ya mwenzako yabaki yanaonekana ndani ya kazi yako.

Jaribu hivyo darasani. Kila mwanafunzi achague sentensi moja tu ya riwaya, ile iliyomkwama kooni, na aiongezee mistari mitatu juu yake. Nikupe mfano wa kubuni, maana sitaki kukutafunia kitabu chako. Tuseme riwaya inasema: "Akafunga mlango wake, akaketi bila neno." Mwanafunzi anahesabu mizani, anaona kipande cha kwanza kina tisa, anaondoa ile "a" ya mwanzo abaki na nane, kama washairi wanavyofanya. Kisha anaandika:

Hakumkuta babake,
wala dadake, nduguke,
atue uzito wake;
kafunga mlango wake,
akaketi bila neno.

Mwenzake wa dawati la pili amechagua sentensi ile ile, naye anaandika:

Moto kifuani mwake,
ngumi mfukoni mwake,
hata sauti si yake;
kafunga mlango wake,
akaketi bila neno.

Sasa simama kando uwaache. Wa kwanza anasema mhusika alifunga mlango kwa upweke. Wa pili anasema kwa hasira. Wote wawili hawawezi kuwa sawa kwa kiwango kimoja, au labda wanaweza, na hilo nalo ni jambo la kubishania. Waulize: ulijuaje kwamba nyumba ilikuwa tupu? Ukurasa upi? Ile ngumi mfukoni umeitoa wapi? Yule wa upweke atafungua kitabu kutafuta pale ambapo baba aliondoka. Yule wa hasira atarudi sura mbili nyuma kwenye ugomvi. Watakisoma kitabu mbele yako bila kuambiwa wasome. Mimi nilipofanya hivi mara ya kwanza kengele ililia na hakuna aliyesimama, na nikajua kuwa miaka yote niliyowaandikisha muhtasari nilikuwa nawapunja.

Kwa wasiopenda vina kuna njia nyingine, na hii naipenda zaidi kwa watoto wa mjini kwenu kwa sababu wanaikanyaga kila siku. Chukua nyumba ya kale ya Lamu. Mgeni asiyejulikana huishia dakani, pale kwenye viti vya mawe mlangoni, anapewa kahawa, mazungumzo yanaisha, anashukuru anakwenda zake. Aliye karibu kidogo hupita hadi kiwandani, kwenye uwazi wa katikati. Jamaa huingia msana, chumba kirefu kinachotazama kiwanda. Na ndani kabisa, pale penye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, hafiki ila mwenye haki ya kufika. Mwanafunzi achore ramani hiyo kwa kalamu tu, mistari minne mitano, kisha amweke kila mhusika mahali pake kwa kadiri anavyoijua siri kubwa ya riwaya. Nani amebaki dakani kitabu kizima, anacheka na kila mtu lakini hajui lolote? Nani alivushwa mpaka ndani, katika sura ipi, na nani aliyemfungulia? Kuna mhusika aliyeingia bila kuruhusiwa? Na la mwisho, ambalo huwaumiza vichwa kwa raha: msomaji mwenyewe yuko chumba gani? Anajua zaidi ya mhusika mkuu, au chini yake?

Ukiitazama kwa haraka hiyo ni picha ya nyumba. Ukiiuliza maswali utakuta ndani yake mna msuko, taharuki, usimulizi, uhusiano wa wahusika, na kinaya pia, maana kinaya mara nyingi huzaliwa pale ambapo msomaji amekwisha kuingia msana na mhusika bado amekaa dakani. Neno kinaya walikuwa wanalijua kwa maana yake ya kukariri. Sasa wana mahali pa kuliweka.

Zidaka nazo zitumie. Mhusika mmoja, vijidaka vitano, kila kimoja kitu kimoja ambacho mhusika angekiweka ukutani pake: barua, kiatu cha mtoto, risiti ya hospitali, ufunguo. Kitu lazima kiwe kinatajwa kitabuni, na chini yake mwanafunzi aandike sentensi tatu za kwa nini. Kidaka kimoja kibaki kitupu, kiwe cha kitu ambacho mhusika alikitaka na hakukipata. Hicho kitupu ndicho nilichokuwa nakisahihisha kwanza, kwa sababu hapo mtoto hawezi kunakili popote.

Wapo pia wanaoweza kusema kuliko kuandika. Lamu hukosi mtoto aliyekulia kwenye maulidi, anayeghani kasida akamnyamazisha hata mzee msumbufu. Huyo mpe sura moja aigeuze iwe utendi wa beti kumi na mbili, vipande vinne kila ubeti, mizani nane, vitatu vya mwanzo vikiwa na kina kimoja na cha nne kikibeba bahari, yaani kina kinachorudiwa utendi mzima. Beti kumi na mbili ni chache sana kwa sura ndefu, na uchache huo ndio darasa: itambidi aamue lipi ni uti wa sura na lipi ni nyama. Akishaghani, muulize aliacha nini na kwa nini.

Sasa kijana wa jahazi. Usimnyang'anye ile 19 mbele za watu. Alama uliitoa wewe, na mkono wake haukukosa. Mkalishe, jahazi likiwa mezani, umuulize kwa upole kabisa: chombo hiki kinabeba nini cha kitabu? Usijibu kwa niaba yake. Huenda hana jibu, na hapo atajua mwenyewe. Lakini huenda akakushangaza. Huenda akasema ile safari ya basi kutoka shambani hadi mjini aliiona kama safari ya tanga, kwamba mhusika hakuwa na usukani, kwamba tanga ni jeupe kwa sababu ni sanda. Ukiambiwa hivyo, mpe karatasi ayaandike, na alama yake itakuwa imepata miguu. Akikosa la kusema, mwambie mkono wake una kipaji na kitabu kina mlango, kina kitanda cha hospitali, kina kizimba cha mahakama. Achague kimoja akichonge kwa namna itakayomfanya mtazamaji ajue nani alipita hapo. Mtoto wa ukoo wa mafundi anajua kwamba hakuna ubao unaopigiliwa chomboni bila kazi, kwa hiyo lugha hiyo ataielewa upesi kuliko lugha ya "rejelea matini".

Kuhusu alama, kosa lako lilikuwa la kusahihisha kwa jicho. Gawa ishirini zako. Nane zipe andiko la ukurasa mmoja linaloambatana na kila kazi, iwe wimbo, iwe mbao, ambamo mwanafunzi anataja sehemu tatu za kitabu zilizomlazimisha afanye alivyofanya, pamoja na jambo moja kitabuni linalompinga. Hilo la kumpinga usilisahau, ndilo linalotofautisha aliyesoma na aliyechota. Sita zipe kazi yenyewe kwa jinsi inavyotufungulia kitabu, na uzuri wa rangi usiingie humo. Sita za mwisho ni za mahojiano ya ana kwa ana, dakika tatu kila mmoja.

Najua unahesabu. Wanafunzi 46 kwa dakika tatu ni dakika 138, na vipindi vya dakika 40 vitakuwa vinne karibu viishe. Usivile vinne mfululizo. Wanne katika kila kipindi, dakika kumi na mbili, wengine wakiwa wanasoma au wanaandika, na ndani ya vipindi kumi na viwili umewamaliza wote. Mahojiano haya ndiyo dawa ya wale mapacha wawili wenye shairi moja. Huna haja ya kuwashtaki wala kuchunguza simu ya baba ya mtu. Muulize mmoja wao: ubeti wa tatu umesema mhusika "aliinamisha kichwa", ilikuwa wapi, mbele ya nani? Kwa nini hukusema alilia? Aliyetunga atajibu hata kama anagugumiza. Ambaye shairi lilimshukia kutoka kwenye skrini ataangalia dari. Mpe wiki arudi na sentensi yake moja na mistari yake mitatu, kwa mkono, darasani.

Shajara ya Kiamu isahihishe leo, na uisome kwa sauti kama unaweza, maana wewe wa Faza masikio yako yanaijua sauti hiyo. Mwana Kupona alipomtungia bintiye utendi mwaka 1858, hakungoja Kiswahili sanifu kije. Sanifu yenyewe ilijengwa juu ya Kiunguja, na kamati ya lugha iliyoisimamia ikaundwa mwaka 1930, miaka 72 baadaye. Mtoto anayeandika mato na ndiya hajakosea Kiswahili, amechagua sauti. Swali lako kwake liwe moja: kwa nini mhusika huyu wa bara, katika siri ya shajara yake, aseme Kiamu? Akisema "kwa sababu nilimwona kama dada yangu", hilo ni jibu la msomaji, lipe haki yake. Kisha mwambie ukweli bila kumvunja: karatasi ya mtihani inataka sanifu, na aandike aya moja ya shajara hiyo mara ya pili kwa sanifu, halafu aeleze kilichopotea njiani. Aya hiyo moja ya kulinganisha itamfundisha mtindo na uhusika kuliko maelezo yako ya saa nzima.

Mama wa mahamri ana haki, na ningekuwa wewe ningepita pale anapouzia nikanunua na kumwambia hivyo. Kuanzia sasa tangaza kwamba kazi yoyote ya riwaya hufanywa kwa karatasi ya daftari, kalamu, sauti, na vitu vilivyo nyumbani. Aliye na manila asiilete. Kazi ya kununua dukani humpa mwenye pesa alama asizozitolea jasho la kusoma.

Nimebakiwa na mkuu wako wa idara, ambaye usimfanye adui. Anaogopa matokeo, na anayejibu kuhusu matokeo ni yeye. Usiende kwake na hotuba. Nenda na karatasi ya tatu ya KCSE, mtihani wa mwisho wa shule za upili, ile ya fasihi yenye alama 80, umwekee karibu na kazi ya mwanafunzi mmoja. Anajua kama ninavyojua mimi wapi watahiniwa wetu hupoteza alama: lile swali la "eleza muktadha wa dondoo hili", alama nne, nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, kwa nini. Watoto wa mwongozo huikosa kwa sababu mwongozo hauna mahali, una maudhui. Sasa mwonyeshe mtoto aliyeongezea sentensi moja mistari mitatu. Hawezi kuifanya kazi hiyo kabla hajajua nani anasema, kwa nani, wapi, kwa nini. Umwambie: wiki mbili za kazi hizi, kisha niruhusu niwape swali la muktadha, bila kuwatangazia, nawe usahihishe kwa mkono wako. Mimi nilifanya mapatano kama hayo na mkuu wangu wa idara wakati nikiwa kijana kama wewe, Malindi, na baada ya hapo aliniachia darasa langu.

Usiondoe insha ya uhakiki, lakini. Hapo mkuu wako yuko sahihi nusu. Iweke mwishoni, baada ya mahojiano, mwanafunzi akiwa amekwisha kuwa na jambo la kusema. Aliyebishana kuhusu upweke na hasira ya mlango uliofungwa ana hoja mbili na ushahidi wake kabla hajashika kalamu, na insha yake utaitambua hata ukilifunika jina.

Kazi za vikundi zipunguze. Mmoja hufanya na wanne hupanda mgongoni mwake, na hilo unalijua.

Nina ombi langu pia. Yule binti atakapokuwa amezitenganisha zile sauti tatu, ya mtoto, ya jirani na ya msimulizi, na akafikia mahali, nakuomba umwombe ruhusa uninakilie aliyoyaona. Nimesoma riwaya nyingi zenye mama wasio na majina na sikuwahi kusimama kuuliza. Ningependa kujua yeye ameamua ni heshima au ni kufutwa, na kama alimpa jina, jina gani.